Alois Senefelder, Mtu wa Jiwe na Wino

Mzee mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa amelifufua gari lake aina ya Morris Minor la mwaka wa 1958. Kazi hiyo imemchukua miaka mingi. Bodi imenyooshwa, rangi imepigwa upya, viti vimeshonwa, na taa zang'ara kama siku gari lilipoteremshwa melini pale Kilindini. Lakini ukimwuliza kama amemaliza, hutikisa kichwa. Chini ya boneti, juu ya kichujio cha hewa, palikuwa na kibandiko kidogo kilichotiwa na kiwanda kumweleza mwenye gari namna ya kukisafisha kichujio hicho. Moto wa injini na mafuta vilikila, kikabaki kipande kisichozidi kiganja cha mtoto.

Alikipeleka kipande hicho kwa mpiga chapa, akatolewa kingine kwa kompyuta, akakibandika. Siku ya pili akakibandua. Wenziwe wa barazani wakamcheka. Nani atakayefunua boneti kusoma kijikaratasi? Mzee hakubishana nao. Aliazima kioo cha fundi wa saa akawataka wachungulie wenyewe. Katika kile kipande cha zamani, rangi ya kijani ilikuwa imejaa na kutulia juu ya karatasi kama rangi ya mlango. Katika kile kipya hapakuwa na kijani hata chembe: palikuwa na vitone vya buluu na vya manjano vilivyorundikana pamoja, vikalidanganya jicho. Na herufi nazo zilifanana na zile za kwanza kama ndugu wafananavyo, lakini hazikuwa zenyewe. Zile za kwanza zilichorwa na mkono wa mtu.

Ni njia gani hiyo iliyoweza kuuchukua mkono wa mtu na kuuzidisha mara elfu bila kuupotosha? Ukiifuata njia hiyo kinyumenyume, utapita katika viwanda vya Uingereza vya magari na baiskeli, utapita katika matbaa za Bombay, mpaka ufike mjini Munich, kusini mwa Ujerumani, kwa kijana mmoja mwenye madeni ambaye mamake alitaka kuandikiwa hesabu ya nguo za dobi.

Kijana huyo ndiye Alois Senefelder. Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1771 mjini Prague. Wazazi wake hawakuwa watu wa Prague. Babake alikuwa mwigizaji, na wakati huo kazi yake ya jukwaani ilikuwa imemfikisha huko. Baadaye baba alipata kazi katika jumba la michezo la mtawala wa Bavaria mjini Munich, na huko ndiko Alois alikokulia. Msomaji na aliweke akilini jambo hili la kuzaliwa ugenini, maana litakuja kumsaidia kwa namna ambayo mwenyewe hakuitarajia.

Mtoto wa mwigizaji alipenda jukwaa, lakini babake aliyajua mashaka ya kazi ile akamtuma katika chuo kikuu cha Ingolstadt akasome sheria. Masomo hayakufika mwisho. Alois alikuwa na umri wa kama miaka ishirini babake alipofariki, akamwacha mama mjane na watoto tisa, naye akalazimika kuacha chuo. Akajaribu uigizaji, haukumlisha. Akajaribu kutunga michezo. Wa kwanza ulimletea faida kidogo, na kidogo hicho kikampa tamaa. Uliofuata aliupeleka chapani, mpiga chapa akachelewa, soko la vitabu likapita, na gharama zikala kila kitu. Hapo ndipo alipoanza kuwaza kwamba lau angekuwa na mtambo wake mwenyewe, angetunga, angechapa na kuuza bila kumnyenyekea mtu.

Lakini mtambo wa chapa na makasha ya herufi za risasi vyataka fedha, naye hakuwa nazo. Akaamua kuandika juu ya bamba la shaba na kulichoma kwa tindikali, kama wafanyavyo wachoraji. Hapo alikutana na taabu mbili. Ya kwanza ni kwamba ili maneno yasomeke yakishachapwa, sharti yaandikwe kinyume juu ya bamba, kama yaonekanavyo katika kioo. Ya pili ni kwamba shaba ni ghali, na kila baada ya zoezi sharti bamba lisuguliwe na kusawazishwa upya. Ili kurekebisha makosa yake alichanganya wino wa nta, sabuni na masizi. Na ili apate mahali rahisi pa kufanyia mazoezi ya kuandika kinyume, akatafuta jiwe.

Jiwe lenyewe lilikuwa la chokaa, gumu na laini, lenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kahawa kidogo. Huchimbwa huko Bavaria kwa matabaka, kama mtu anavyofungua kurasa za kitabu. (Kutoka matabaka hayohayo, mwaka wa 1861, wachimbaji walitoa masalio ya yule ndege wa kale mwenye meno ambaye wataalamu humwita Archaeopteryx, na jina lake la pili akapewa kwa sababu ya mawe hayo ya chapa.) Watu waliyatumia kusakafia nyumba zao. Senefelder alilinunua la kusagia wino, kisha la kufanyia mazoezi.

Siku moja ya mwaka wa 1796 mamake alimwita aandike orodha ya nguo. Dobi alikuwa amesimama anangoja, na nyumbani hapakuwa na kipande cha karatasi, wala wino wa kawaida ulikuwa umekauka wote. Senefelder akachukua ule wino wake wa nta na sabuni akaandika orodha juu ya jiwe lililokuwa karibu, akikusudia kuinakili baadaye. Alipotaka kulifuta, likamjia wazo la kulimwagia tindikali aone itakuwaje. Tindikali ikala jiwe kila mahali isipokuwa penye wino, na baada ya muda maneno yakasimama juu ya jiwe, kiasi cha unene wa karata. Akayapaka wino, akayachapa. Orodha ya mashati na soksi ikawa ndiyo chapa ya kwanza.

Kisa hiki wengi hukisimulia kana kwamba hapo ndipo kazi ilipokwisha. La hasha. Senefelder alikuwa na wazo, lakini hakuwa na nauli ya kulisafirisha. Hali ilikuwa ngumu hata akakubali kwenda kutumikia jeshi badala ya mtu mwingine aliyekuwa tayari kumlipa fedha, akakusudia kutumia malipo hayo kutengenezea mtambo. Akafunga safari hadi Ingolstadt, mji uleule wa masomo yake, akajiandikishe katika kikosi cha mizinga. Siku iliyofuata aliulizwa mahali alipozaliwa, akajibu Prague. Akakataliwa, maana wageni hawakuruhusiwa kutumika katika jeshi la Bavaria. Akarudi bila fedha. Lau babake angekuwa anaigiza Munich mwezi ule wa Novemba 1771, pengine leo tusingekuwa na la kuandika juu ya mtu huyu.

Aliyemwokoa ni mwanamuziki wa Munich, Franz Gleissner, aliyetaka kuzichapa tungo zake. Alama za muziki zilikuwa ghali kuzipanga kwa risasi, na jiwe liliziweza vyema. Wakachapa nyimbo 12 za Gleissner, zikauzwa, wakafurahi. Kisha wakatengeneza mtambo mpya, nao ukawaharibia karatasi za watu na kuwarudisha katika madeni. Mke wa Gleissner alisimama nao katika shida zote hizo, na haki ni kumtaja ingawa vitabu vingi humruka.

Ugunduzi wenyewe hasa ulikuja mwaka wa 1798. Mpaka hapo Senefelder alikuwa akichapa kwa maandishi yaliyoinuka juu ya jiwe, jambo ambalo halikuwa geni sana. Sasa alitambua kwamba hapana haja ya kuinua chochote. Msomaji atazame chungu cha mchuzi wa nazi uliopoa: mafuta yako peke yake na maji yako peke yake. Jiwe la chokaa hupenda mafuta, na pia hupenda maji. Ukiandika juu yake kwa wino wa mafuta, kisha ukalipaka gundi ya mgunga iliyotiwa tindikali kidogo, kisha ukalilowesha maji, jiwe huwa na sehemu mbili ambazo kwa mkono huwezi kuzitofautisha: penye maandishi pakataapo maji, na pasipo maandishi pakataapo mafuta. Pitisha kinu cha wino wa mafuta juu yake, wino utashika maandishi tu. Weka karatasi, gandamiza, inua. Lowesha tena, paka tena. Jiwe liko bapa kama meza, na lachapa.

Kutoka hapo akafanya jambo jingine ambalo mwenyewe aliliona kubwa kuliko yote. Alitengeneza karatasi maalumu iliyopakwa utando, ambayo mtu huiandikia kama kawaida, kuelekea upande wake wa siku zote, kisha huilaza juu ya jiwe ikaliachia maandishi yaliyogeuka yenyewe. Ile taabu ya kuandika kinyume iliyomtesa ikawa imeondoka.

Mwaka wa 1799 mtawala wa Bavaria, Max Joseph, alimpa haki ya peke yake ya kuitumia njia hiyo kwa miaka 15. Mwaka huohuo mchapaji wa muziki wa mji wa Offenbach, Johann Anton André, alimlipa gulden 2,000 afundishwe kazi hiyo. Senefelder akaenda London, akapata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1801. Akaenda Vienna, biashara ikamvunjikia. Huku nyuma, Munich, ndugu zake wenyewe waliifungulia siri shule moja ya mjini humo, na kabla hajarudi kazi yake ilikuwa imekwisha kuwa ya kila mtu. Kuanzia hapo majiji makubwa ya Ulaya yalijaa wapiga chapa wa mawe, baadhi yao wakidai kuwa wao ndio walioanza.

Aliyemstiri mwishowe ni serikali. Bavaria ilikuwa inapima mashamba yote ya nchi ili ijue kodi ya kila mmoja, na ramani zilihitajika kwa maelfu. Mwaka wa 1809 Senefelder aliwekwa kuwa msimamizi wa chapa ya mawe katika idara hiyo, kwa mshahara wa gulden 1,500 kwa mwaka. Mawe ya ramani hizo, zaidi ya 26,000, yamehifadhiwa Munich hata leo, yamesimamishwa katika rafu kama vitabu. Mwenye kutaka kujua mpaka wa shamba la babu wa babu yake aweza kulitazama jiwe lenyewe.

Mwaka wa 1818 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu chapa ya mawe, na mwaka uliofuata kikatolewa kwa Kiingereza na Kifaransa. Humo hakuficha kitu. Kila mchanganyiko wa wino, kila kosa alilolifanya na kila hasara aliyoipata vimo. Mwandishi wa makala haya huona kwamba hilo ndilo lililomfanya mtu mkubwa, kuliko lile la dobi. Mtu aliyeibiwa siri aghalabu huzidi kufunga milango.

Alifariki Munich tarehe 26 Februari 1834, akiwa na umri wa miaka 62. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa bado akihangaika kuchapa picha za rangi zifanane na zile za mafuta zinazochorwa juu ya turubai. Hakuifikisha kazi hiyo alikotaka; mwaka wa 1837 Godefroy Engelmann wa Mulhouse ndiye aliyechukua hati ya uvumbuzi ya kuchapa kwa rangi nyingi, kila rangi na jiwe lake.

Sasa tuirudie pwani kidogo, kwa kuwa mtu huyu ambaye labda hakupata kuiona bahari yetu ameingia majumbani mwetu zaidi ya tunavyodhani. Herufi za Kiarabu hushikana mikono. Ya mwanzo wa neno ina umbo lake, ya katikati lake, ya mwisho lake, na kuzipanga kwa vipande vya risasi kulikuwa kuzikata viungo. Wengi wa wenye elimu hawakupendezwa na kuona maandishi matukufu yakitoka hivyo. Jiwe liliondoa kikwazo hicho, maana mwandishi wa khati aliandika kwa kalamu yake ya mwanzi juu ya ile karatasi yenye utando, na kilichochapwa kilikuwa mwandiko wake, pamoja na irabu zake na maelezo ya pembeni yaliyolazwa mshazari. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, Senefelder yu hai bado, msahafu ulichapwa kwa jiwe huko Tabriz, nchi ya Uajemi. Bara Hindi kazi hiyo ilikuwa imeingia katika miaka ya 1820, na kutoka Bombay zikatujia maulidi na dua zilizosomwa Lamu, Mombasa na Unguja. Mwenye kitabu cha namna hiyo kabatini na akifungue. Ataona chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, na ataona kwamba alifu mbili hazilingani sawasawa, maana ni mkono.

Na viwandani je? Jiwe lilikuwa zito, likabadilishwa kwa bamba la madini. Mwaka wa 1875 Mwingereza Robert Barclay alipata njia ya kuchapa juu ya bati, na ndiyo sababu makopo ya biskuti na ya oili yakapata mapambo. Mwaka wa 1904 Ira Rubel wa Marekani aligundua, kwa karatasi kukosea kuingia mtamboni, kwamba maandishi yakipita kwanza juu ya mpira hutoka safi zaidi, na hiyo ndiyo chapa ya ofseti. Lakini bibi zetu waliijua kazi hii kwa cherehani. Yale maua ya dhahabu juu ya Singer nyeusi hayakuchorwa pale kiwandani kwa brashi. Yalichapwa kinyume juu ya karatasi yenye gundi, rangi ya mbele ikitangulia na ya nyuma ikifuata, kisha yakabandikwa kifudifudi kwa vanishi, karatasi ikaloweshwa na kuvuliwa. Baiskeli zilivishwa hivyohivyo, na magari ya kwanza pia. Vibandiko vya chini ya boneti vilivyokuja baadaye vilikuwa ndugu zao wadogo.

Ndiyo maana anayetaka kukirudisha kibandiko cha gari la kale inampasa kujua kilizaliwa vipi. Kompyuta haina ubaya. Huweza kunakili umbo na kulipima vizuri kuliko jicho. Tatizo ni kuridhika na herufi zinazokaribia, na kutoa kijani kwa vitone badala ya kukichanganya. Wino mwingine wa mashine za nyumbani huyeyuka ukidondokewa na petroli. Liko pia swali la umri. Wapo wanaopaka chai juu ya kibandiko kipya ili kionekane kimekaa miaka sitini. Mzee wetu hakubali. Asema gari lilitoka kiwandani likiwa na karatasi nyeupe, na kama ni kulirudisha lilivyotoka, basi nyeupe. Kilichochakaa kwa haki kinaachwa. Kilichopotea kinafanywa kipya na kinaitwa kipya. Na kile kibati cha chuma chenye nambari ya chesisi hakuthubutu kukigusa, ingawa kimeparara. Kibandiko cha kichujio chaeleza usafishaji tu, lakini kibati kile chatoa ushahidi gari ni lipi. Kukitengeneza upya gereji ni kughushi, na neno hilo halikuja Kiswahilini peke yake. Lilikuja pamoja na makatazo yake.

Sehemu zilizoliwa na moto alizipata kwa picha aliyotumiwa na mwenye gari kama lake aliye Uingereza, iliyopigwa pamoja na rula ili vipimo visipotee. Mchoraji wa mabango wa mjini akazifuatisha herufi moja moja kwa wino, kutwa nzima, akilalamika kwamba herufi ya S ilikuwa ya mlevi. Mpiga chapa mwenye mtambo mdogo wa ofseti, anayechapa vitabu vya risiti na kadi za arusi, akachanganya kijani kwa kisu juu ya kioo, akalinganisha na kile kipande, akaongeza manjano, akalinganisha tena. Kabla ya kuweka karatasi aliyapitishia mabamba yake maji.

Zilitoka nakala 20. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo ambazo zataka kioo cha fundi wa saa, mzee aliagiza uandikwe mwaka zilipochapwa. Moja imebandikwa. Gari lenyewe halijawaka, lasubiri kabureta.